Duka la vifuu uani

Wazazi wa Lamu mnaosomesha watoto nyumbani, hesabu za mtoto wa miaka 5 au 6 zimo humo humo kwenye mchezo wa duka. Mizani ni kijiti cha sentimita 30, kamba katikati, kifuu kila ncha. Toboa kila kifuu matundu 3 ya kamba za kukining'iniza, yenye nafasi sawa. Yakiwa 2 kinapinduka na mchanga unaopimwa wote chini. Kijiti kikilala upande kabla ya kupima, sogeza kamba ya kati kidogo kidogo.

Pesa ziwe sarafu za kweli, za shilingi 1, 5 na 10. Kokoto hazifundishi chenji. Samaki wa ukuti shilingi 7, mteja anatoa 10. Muuzaji akirudisha 2, mteja ndiye adai, si mama! Mkubwa akiingilia kusahihisha, duka hufungwa papo hapo. Bei aandike mtoto mwenyewe, hata 7 ikigeuka nyuma.