Jinsi nilivyofanikiwa kuunda kichujio cha wastani unaosonga kwa ajili ya engalabi

Kwa muda wa miezi mitatu hivi nilitafuta njia ya kuzifanya taa za jukwaa zifuate mapigo ya engalabi, na hatimaye nimefanikiwa. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa njiani, karibu wote, ulinirudisha nyuma, na sipendi mwingine apoteze usiku wake kama nilivyopoteza wangu.

Engalabi ni ile ngoma ndefu ya Buganda yenye uso mmoja, inayowambwa kwa ngozi ya kenge na kupigwa kwa viganja. Kikundi chetu hapa Kampala kina mbili. Kwenye mojawapo nilibandika kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, nilichonunua kwa mafundi wa redio karibu na Old Taxi Park, nikakiunganisha na kompyuta, na ndani ya kompyuta nikatumia Pure Data, programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, ambamo mtu hachapi mistari ya msimbo bali huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyaya. Kisahani, waya, ubao wa Arduino wa kuendeshea taa na ukanda wa taa za LED havikufika shilingi laki mbili kwa jumla, ukiacha kompyuta ambayo nilikuwa nayo tayari.

Ili kupata ukubwa wa sauti, unazidisha kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja kati ya maelfu ya vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kwa sekunde, kwa yenyewe, unatafuta wastani, kisha unachukua kipeuo cha pili. Mwanzoni niliona wastani si jambo la kushughulikia sana, na hapo ndipo tatizo lilipoanza: ngoma ikiwa kimya kabisa, taa zilikuwa zikipanda na kushuka polepole kama mtu anayepumua usingizini. Waya wangu ulikuwa ukiokota mvumo wa umeme. Umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo ukizidishwa kwa wenyewe hutoa kiwango kisichobadilika pamoja na kiwimbi cha hezi 100 juu yake. Mimi nilikuwa nikisoma kiwango hicho kila milisekunde 20, na kwa kuwa saa ya kompyuta na umeme wa gridi haviendi sawasawa kabisa, kila usomaji uliangukia mahali tofauti kidogo pa kiwimbi, hivyo jambo la kasi likageuka kuwa mwanga wa polepole unaoonekana kwa macho.

Ndugu mmoja aliyefanya kazi studio kwa miaka mingi alinisisitizia: “Weka lop~ 5 tu, kaka, ni kitu kilekile.” Si kitu kilekile, na jambo hili bado linaniudhi. Kichujio cha lop~, kisanduku cha Pure Data kinachopunguza masafa ya juu, kikiwekwa kwenye hezi 5 hukipunguza kiwimbi cha hezi 100 hadi takriban sehemu moja ya ishirini, hakikiondoi, na kwa kazi hiyo nusunusu kinadai malipo makubwa, kwa maana baada ya kiganja kuacha ngozi mwanga huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kufifia. Mpigaji wetu mkuu hupiga mapigo yanayofuatana kwa kasi karibu na hiyo. Taa zilibaki zimewaka wimbo mzima.

Wastani unaosonga una tabia nyingine. Unachukua sampuli kadhaa za mwisho, unazijumlisha na kugawanya kwa idadi yake, na kila sampuli mpya inapoingia, iliyo kongwe kuliko zote inatoka. Wimbi lolote ambalo mizunguko yake kamili inaenea sawasawa ndani ya kundi hilo la sampuli, yaani dirisha, hufutika kabisa, kwa sababu sehemu zake za juu na za chini hulipana. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, milisekunde 20 ni sampuli 882, na ndani yake mnaenea mzunguko mmoja wa hezi 50, miwili ya hezi 100, mitatu ya hezi 150, na kuendelea. Tena dirisha likishapita, pigo limesahaulika lote. Nilipolielewa hili sikutaka kichujio kingine chochote.

Nilianza na fexpr~, ambacho hukuruhusu kuandika hesabu inayorejea sampuli zilizopita. Wastani wa sampuli tano ulikubali mara moja, lakini kisanduku hicho kwa kawaida hakitazami nyuma kupita fungu moja la sauti, ambalo katika Pure Data ni sampuli 64, na isitoshe ni kizito kwa kompyuta kongwe kama yangu. Nilihitaji 882.

Hapo nikakumbuka njia ya mkato: hakuna haja ya kujumlisha upya kila mara, kwa kuwa jumla mpya ni jumla ya zamani, ukiongeza sampuli iliyoingia na kutoa iliyotoka. Iliyotoka huipati kwa shida, ni jozi ya visanduku vya kuchelewesha sauti, delwrite~ na delread~, iliyowekwa milisekunde 20, mradi nafasi ya delwrite~ iwe kubwa kuliko hapo. Nikavuta waya kutoka kwenye jumla kuurudisha kwenye kijumlishi, na Pure Data ikakataa, kwani hairuhusu sauti izunguke yenyewe bila kucheleweshwa. Mtu mwingine akaniambia nipitishe mzunguko huo kwa s~ na r~, visanduku vinavyotuma na kupokea sauti bila kuchora waya kati yao. Nilifanya hivyo, na programu ikanyamaza, nami nikadhani imekubali.

Jioni ile tulikuwa mazoezini, na nilikuwa nimeelekeza matokeo ya kichujio kwenye spika ili niyasikilize. Mzee wetu wa ngoma akapiga mara moja. Ukasikika mlio mwembamba, wa juu, ambao haukuisha. Akapiga tena, mlio ukabadilika nguvu, na akipiga mfululizo ukazidi kukua hata akasimamisha viganja na kuniuliza, “Mwanangu, nani anapiga filimbi huko?” Nikamjibu, “Hakuna filimbi, Mzee, ni hesabu yangu inayolia.” Nilizima, nikawasha, nikabadilisha nyaya, nikahamisha kisahani cha piezo mpaka upande wa chini wa ngoma, na mlio ulibaki palepale. Saa nne za usiku, wenzangu wameshaondoka na bodaboda zao, nilichukua simu na kuupima mlio ule kwa programu ya kutunia gitaa. Ilisoma hezi 689. Nikagawanya 44,100 kwa 689, nikapata 64.

Sitasahau furaha ya dakika ile. s~ na r~ katika mzunguko huchelewesha fungu zima la sampuli 64, kwa hiyo sampuli yangu haikuongezwa kwenye jumla iliyoitangulia mara moja, iliongezwa kwenye jumla ya sampuli 64 nyuma. Badala ya jumla moja nilikuwa na jumla 64 zinazopokezana, na chochote kilichojirudia kwa hezi 689 au vigawe vyake kilinaswa humo bila njia ya kutoka. Tangu siku hiyo, nikisikia mlio usioeleweka katika Pure Data, kabla ya kugusa waya wowote hupima masafa yake na kuyagawanya.

Dawa yake ni rpole~, kisanduku ambacho mzunguko wake uko ndani yake chenyewe na hufanya kazi sampuli kwa sampuli. Ukikipa nambari 1, kinajumlisha. Unatoa sauti iliyocheleweshwa kwenye sauti ya sasa, unaingiza tofauti hiyo ndani ya rpole~ 1, unagawanya kwa 882, na kichujio kimekamilika kwa visanduku vichache tu.

Karibu kikamilike, niseme hivyo. Baada ya takriban saa mbili za mazoezi, taa zilianza kubaki na mwanga hafifu ngoma ikiwa kimya. Pure Data kwa kawaida hubeba sauti kwa nambari za biti 32, zenye tarakimu kama saba tu za kutegemewa, na kila ujumlishaji huacha kosa dogo la kukadiria. Kijumlishi kisichosahau hakisahau makosa pia, na kipeuo cha pili hukuza vitu vidogo kuliko vikubwa. Nilikiwekea basi uvujaji: rpole~ nikaipa 0.99999 badala ya 1, na sampuli inayotoka nikaizidisha kwa nambari hiyohiyo iliyopandishwa kwenye kipeo cha 882, yaani 0.991219, ili kilichoingia kitoke kwa kiasi kilekile kilichobaki. Kigawanyo nacho kinashuka hadi 878. Usivuje zaidi ya hapo kwa tamaa ya usalama, nilijaribu 0.9999, na mvumo wa hezi 50 ukaanza kurudi.

Usiku wa onyesho umeme ulikatika saa moja kabla ya kuanza, ikawashwa jenereta. Taa zikaanza kudunda mara nne kwa sekunde, ngoma haijaguswa. Jenereta ile ilizunguka kwa hezi 48, hivyo kiwimbi kilikuwa 96, nje kidogo ya shimo la kichujio changu, yaani masafa kinayoyafuta. Nilinakili kichujio kizima na kukiweka cha pili nyuma ya cha kwanza, kwa kuwa vichujio viwili vilivyofuatana hulipanua shimo: mabaki yaliyokuwa kama asilimia 4 yakawa chini ya asilimia 0.2. Dirisha lilirefuka hadi milisekunde 40, ambazo hakuna jicho ukumbini lililozigundua. Mzee alipoinua viganja vyake kabla ya pigo la kwanza, ukanda wote wa taa ulikuwa giza tupu.