Kibao ninachofunga mkononi nikitoka peke yangu

Tangu mwaka jana, kila nikitoka na baskeli au nikienda mbio baada ya sala ya alfajiri, hufunga mkono wa kushoto kibao kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kilichotobolewa matundu mawili na kupitishwa ukanda wa ngozi. Majirani zangu wa Mwera, hapa Unguja, walipokiona mara ya kwanza waliniuliza ni hirizi ya nani, na mama mkwe wangu, ambaye mambo hayo hayapendi, hakuniuliza kitu ila alinitazama kwa muda mrefu. Hirizi sicho. Kimechorwa jina langu, shehia ninayokaa (eneo dogo la utawala lenye kiongozi wake, sheha), namba mbili za simu, na maelezo mafupi kwamba penisilini inanidhuru.

Nilikitengenezesha baada ya kuanguka. Ilikuwa siku chache baada ya mvua kubwa za masika, nami nilikuwa nimetoka saa kumi na moja na nusu kuelekea Chwaka kwa njia ya Koani na Dunga, ambayo naipenda kwa sababu saa zile ina kivuli na magari yake ni machache. Nilipopita Jendele, kwenye kona moja, maji yalikuwa yameshusha mchanga wa kando ukatandazika juu ya lami, na gurudumu la mbele likanikimbia kabla sijagusa breki. Ninachokumbuka baada ya hapo ni sauti za watu na harufu ya dagaa.

Wanaonihadithia wanasema sikuzimia kabisa, na hapo ndipo penye fundisho ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Nilikuwa macho, nimekaa kitako, na ninajibu kila ninaloulizwa. Walipouliza jina nilitaja la kwanza tu, na walipouliza ninakaa wapi nikasema Wete, kule Pemba. Ni kweli nimezaliwa Wete, lakini nimehama huko nikiwa na miaka kumi na moja. Basi wale watu, kwa wema wao, wakaanza kumtafuta mwenye jamaa wa Kipemba hapo karibu, na mmoja akampigia shemeji yake aliyeko Wete amuulizie nyumba yenye kijana mwendesha baskeli. Aliyepigwa kichwani huweza kuzungumza kwa utulivu akasema mambo ya miaka thelathini nyuma, na akauliza swali lile lile mara tano bila kujua kwamba ameshajibiwa. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba yeye atajitaja mwenyewe akianguka, humjibu kwamba mimi nilijitaja, na nikawapeleka watu kisiwa kingine.

Simu ilikuwepo. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini bado iliwaka, na kijana mmoja akakichukua kidole changu akakibana penye kifungio cha alama ya kidole. Haikufunguka, kwa kuwa kidole kilikuwa kimejaa damu na mchanga. Mfukoni nilikuwa na noti ya shilingi elfu mbili na ufunguo wa nyumba, na hivyo walivijua baadaye tu, kule kituo cha afya, kwani barabarani hakuna aliyekubali kutia mkono mfukoni mwangu. Mzee mmoja wa kanzu, aliyekuwa akienda mnadani Chwaka katika gari ile ile iliyonichukua, aliwakataza: "Mfuko wa mgonjwa si wetu, kesho mtaulizwa kilichokuwemo." Akaitia simu yangu katika mfuko wa kanzu yake mbele ya mashahidi, na kule ikawa inatetemeka bila ya mtu kuisikia, kwa sababu mimi hutoka nimeinyamazisha. Ilipofika saa mbili kasorobo ndipo alipohisi kitu kinamcheza ubavuni. Alipoitoa akaona imeandikwa "Bi Mkubwa," akaamini kwamba ni mama yangu mzazi, na kwa muda wa dakika nzima akawa anampa mke wangu pole na nasaha anazopewa mama aliyepatwa na msiba wa mwanawe. Mke wangu hajanisamehe kwa jina lile hadi leo, ingawa nimeshalibadilisha.

Nimelifikiria sana lile katazo la mzee, kwa sababu ndilo lililonifanya nione kibao hiki kina kazi gani. Sisi tunasema ajali haina kinga, na kibao hakimkingi mtu na mchanga wa Jendele. Anayesaidiwa nacho ni yule mpita njia ambaye Mungu amemleta, anayetaka kutenda wema na wakati huo huo anaogopa kuitwa mwizi. Akiwa aliyeanguka ni mwanamke, uzito huo huzidi mara nyingi, kwani mwanamme gani atampekua mwanamke asiyemjua kando ya barabara, hata kwa nia safi? Kitu kilichopo mkononi, mahali panapoonekana na kila mtu, husomwa bila ya kumvunjia mtu sitara yake. Ndiyo maana siafikiani na wanaokifunga kwenye kamba za kiatu. Kiatu huchomoka, na cha kwangu kimoja kilikutwa mtaroni siku ya pili yake.

Wazo lenyewe ni la zamani na halikuanzia kwa wanamichezo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, baadhi ya askari waliandika majina yao kwenye vipande vya karatasi wakavibana kwenye makoti kabla ya kuingia vitani, wasije wakazikwa bila ya kujulikana, na mwaka 1906 jeshi la nchi hiyo likaamuru askari wavae vibao vya chuma. Bangili ya wagonjwa ina kisa cha karibu zaidi na changu: daktari mmoja wa mji wa Turlock, California, alikuwa na binti ambaye nusura afe kwa mzio wa dawa ya kuzuia pepopunda, na kutokana na hofu ile familia yake ikaanzisha, mwaka 1956, shirika la MedicAlert linalowapa watu bangili za kueleza maradhi yao. Wakimbiaji na waendesha baskeli wameliokota tu jambo lililokwishafanywa na wengine.

Bangili nyingi zinazouzwa ng'ambo, hata hivyo, hazitufai kama zilivyo. Nimeziona kwenye mikono ya wageni wanaokodi baskeli Paje na Jambiani. Baadhi zina namba ya siri ambayo msomaji aiingize kwenye tovuti ndipo apate maelezo, na nyingine zina namba ya simu ya Ulaya. Mkulima wa Bambi aliyekukuta chini ya mwembe hana intaneti saa ile, na salio lake halifiki Ulaya. Kibao chetu lazima kiseme kila kitu chenyewe, kwa Kiswahili, kwa mtu mwenye simu ya tochi.

Na kiseme nini? Mimi nimeweka shehia mbele ya namba za simu, na watu hunicheka kwa hilo. Lakini simu huzimwa, huishiwa na chaji, hubadilishwa laini, ilhali sheha hutafutwa akapatikana, naye nyumba zake anazijua. Namba za simu ziwe mbili, za watu wawili wasiokaa nyumba moja, na afadhali za mitandao tofauti. Jina la mtaani lisidharauliwe pia, kwa sababu katika visiwa hivi akina Juma Khamis hawana idadi, na huenda hata sheha akutambue zaidi kwa lile uliloitwa uwanjani ulipokuwa mdogo. Maradhi yaandikwe yale tu ambayo daktari akiyakosa atakudhuru: kisukari, kifafa, selimundu, mzio wa dawa, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari asione haya hata kidogo, kwani sukari ikishuka sana mtu hutokwa na jasho, akapepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, na kwetu mtu wa namna hiyo hudhaniwa amelewa, akaachwa. Kundi la damu wengi hupenda kuliandika. Silikatazi, ila hospitali haimtii mtu damu kwa kutegemea bangili. Huipima kwanza yenyewe.

Dada zetu wanaokimbia peke yao nawashauri maandishi yageukie ndani, upande wa ngozi. Jina la mwanamke likisomeka kutoka mbali, yeyote aliyekaa barazani ataliita kana kwamba anamfahamu, na hiyo ni adha nyingine.

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni kizuri ofisini, lakini hakina simu ya nyumbani kwako, na kukibeba kila siku kwenye jasho ni kujitafutia foleni ya kuomba kingine. Simu nayo haina budi kutengenezwa: simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya taarifa za dharura zinazosomeka bila ya kufungua kifungio, na namba ya dharura ya 112 hupigika hata simu ikiwa imefungwa. Lijazeni hilo leo, ni kazi ya dakika tano. Asiye na uwezo wa kibao aandike karatasi, aipeleke kwenye duka la vifaa vya ofisi ikapigwe laminesheni, aitoboe na kuifunga kwa uzi. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, ikadumu miezi minne kabla ya jasho kupenya pembeni.

Kibao cha chuma nilichorewa na sonara mmoja wa mjini. Aliponiona nimeleta chuma badala ya fedha, akaniuliza nataka aya gani. Nikampa karatasi yenye namba za simu, akaisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza kama kipande kilichobaki anaweza kukinunua, kwa kuwa ana mtoto anayeendesha bodaboda. Nilimwachia bure.

Nilipopona nilichukua halua na kahawa nikaenda kumshukuru yule mzee wa kanzu. Nikamwonyesha mkono kwa fahari, nikitarajia sifa. Akaushika, akausogeza karibu na uso, akaupeleka mbali, akautoa nje kwenye mwangaza wa baraza, mwisho akaurudisha. "Mwanangu," akasema, "hii mie bila ya miwani siisomi, na mnadani siendi na miwani."

Nikarudi kwa sonara wiki ile ile. Katika kibao cha pili jina la babu limeondoka, la baba limebaki herufi moja, na namba za simu zimechukua upande mzima.