Jinsi nilivyorekodi albamu yangu ya kwanza ya bluegrass kwa Kiswahili

Albamu yangu ya kwanza imetoka, na swali ninaloulizwa kila nikikutana na watu wa nyumbani ni hili: mtoto wa Kericho alifikaje kwenye bluegrass, tena kwa Kiswahili? Bluegrass ni muziki wa nyuzi wa vijijini Marekani, ndugu wa kantri, unaopigwa kwa banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi. Nitaeleza nilivyofanya. Nitakaa zaidi kwenye mambo mawili, yaani kuyakalisha maneno ya Kiswahili kwenye melodi zile, na kuirekodi bendi nzima kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Kwanza, muziki huu si mgeni kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alipita Bonde la Ufa na mitambo yake, na huko Kapkatet akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vijijini kwetu. Mimi nimekua nikisikia kantri redioni huku mama akirudi kutoka shamba la chai. Nilipohamia Lexington, Kentucky, kwa kazi ya kuhudumia wazee, nikagundua kwamba nyumbani kwa bluegrass ni zaidi ya saa mbili tu kwa gari: kijiji cha Rosine, alikozaliwa Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluegrass, mwaka 1911.

Kuna mtu mmoja wa sehemu zile ambaye nataka kila msomaji amjue. Anaitwa Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi aliyefanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe na kupiga gitaa na fidla kwenye ngoma za vijijini. Monroe akiwa kijana mdogo alimsindikiza kwa gitaa kwenye ngoma hizo, na mwenyewe alisema wazi baadaye jinsi alivyojifunza kwake. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Ukiongeza kwamba banjo yenyewe ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo, zilizotengenezwa kwa kibuyu na ngozi ya mnyama, utaelewa kwa nini sikuwahi kujiona mgeni katika muziki huu. Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, aliirudisha banjo yake Afrika mwaka 2005, akapiga Tanzania pamoja na Anania Ngoliga, yule bingwa wa ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Nilipowasikia wawili hao pamoja, niliamua kuandika kwa Kiswahili.

Sasa maneno. Nyimbo za zamani za milima ya Appalachia zimejengwa kwa mistari ya Kiingereza inayoanza kwa silabi nyepesi na kuishia kwa silabi nzito. Mwimbaji anaingia kidogo kabla ya pigo la kwanza, kisha anatua kwa kishindo mwishoni mwa mstari. Kiswahili hakitui hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mstari unaishia kwa pumzi nyepesi. Ukilazimisha, utaimba “umandé” na “mikononí”, na msikilizaji wa Mombasa atazima redio.

Dawa niliipata kwenye shairi. Tulifundishwa shuleni: mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Nusu moja ya mshororo inaenea vizuri kwenye mstari mmoja wa nyimbo hizi, mradi uondoe ile noti ya kuingilia na kuanza moja kwa moja juu ya pigo, halafu noti ya mwisho uigawe mara mbili ili silabi nyepesi ipate pa kukaa. Ubeti wa kwanza wa wimbo wangu kuhusu wachuma chai unaanza hivi:

Naamka na umande, kikapu ki mgongoni
Nachuma kila upande, chai mbichi mikononi

Uimbe ukipiga mguu chini, utasikia “ma” ya “umande” ikiangukia pigo, na “nde” ikimalizia nyuma yake. Mzee mpiga banjo wa bendi yetu, ambaye hajui neno la Kiswahili, alisikiliza mara moja akabadilisha alivyokuwa akifunga mistari yake, vidole vitatu vikimalizia pale pale sauti yangu inaposhukia. Nyimbo za Kentucky zimejaa makaa ya mawe, mshahara mdogo na mabega yaliyochoka. Wimbo wa chai ulikaa katikati yake kama ndugu wa tumbo moja.

Kii, yaani kiwango cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa, ilitusumbua kidogo. Wanaume wa bluegrass wanapenda B na A kwa sababu sauti inapanda na kukaza. Sauti yangu inatulia kwenye D na E. Gitaa unaweka kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote na kupandisha kii, imekwisha. Banjo ina waya wa tano ulio mfupi, unaoanzia katikati ya shingo, na kapo ya kawaida haiufikii. Mzee akanionyesha vimisumari vilivyopigwa kwenye shingo ya banjo yake, kando ya waya huo. Ni misumari ya reli za garimoshi la kuchezea, midogo kuliko punje ya mchele, na waya wa tano hubanwa chini yake ili upande kii. Niliishika banjo ile mkononi nikafurahi sana, maana chombo kikubwa hivi kinategemea kitu ambacho ukikiangusha kwenye zulia hukioni tena.

Studio ya kwanza niliyozungumza nayo ilitaka kila mtu arekodi peke yake, amevaa hedifoni, akifuata mlio wa kuhesabu mapigo. Nikakataa. Bluegrass haina ngoma. Besi inapiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini inakata la pili na la nne, na kasi inapanda na kushuka kwa nywele moja kufuatana na pumzi ya anayeimba. Ukiwatenganisha watu, kitu hicho kinakufa, na hakuna kompyuta itakayokirudisha. Nikatafuta chumba cha mbao chenye dari refu, na fundi sauti aliyekubali kuweka maiki moja kubwa ya kondensa, inayonasa hata sauti ndogo, katikati, na nyingine moja kwa ajili ya besi.

Kwa mpango huo, hatua za miguu ndizo zinazopandisha na kushusha sauti. Tulisimama nusu duara. Banjo ilikaa nyuma kabisa kwa kuwa inapiga kelele, fidla ubavuni, gitaa karibu, nami mbele. Zamu ya mtu kupiga solo ikifika anasogea, aliyemaliza anarudi nyuma akipitia kushoto ili wasigongane. Tuliweka vipande vya tepu sakafuni. Siku ya mazoezi fundi alipita na chaki akaandika kila tepu jina la ala. Mtu akikosea noti, wimbo wote unarudiwa, kwa sababu kila ala imeingia kwenye sauti ya mwenzake. Ndiyo gharama yake, na niliilipa kwa moyo mweupe. Kwenye wimbo wa sita tulichukua teki, yaani rekodi moja ya wimbo mzima, ambayo fidla imekwaruza kidogo, kwa kuwa hakuna teki nyingine ambapo kiitikio kiliimbwa vile.

Kiitikio kiliimbwa na dada wawili Wakongo ninaosali nao. Lexington ina Wakongo wengi, na ukiingia soko la Jumamosi utasikia Kiswahili. Kwenye kwaya tumezoea sauti nne. Bluegrass inataka tatu, na ile inayoitwa “tenor” inapanda juu ya mwimbaji mkuu, kali na nyembamba. Mmoja aliniambia, “Dada, hii sauti iko juu sana, itanipasua shingo.” Nikamwomba asiifunike kwa utamu wa kwaya, aiachie wazi kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Alipoiachia, mzee wa banjo alisahau kuingia.

Upande wa fedha, ushauri wangu ni mmoja: andikeni makubaliano kabla ya kupiga noti ya kwanza. Wapigaji wangu nililipa kwa wimbo, na karatasi ilisema maneno na melodi ni vyangu. Kwenye albamu wimbo mmoja ni wa jadi, hauna mwenyewe, haulipiwi. Wimbo mwingine una mtunzi aliye hai, nao una leseni. Kiwango cha kisheria Marekani mwaka 2024 kilikuwa senti 12.4 kwa nakala, kwa wimbo usiozidi dakika 5. Kwa CD 500 hiyo ni dola 62. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na kumnyima mtunzi mwenzako haki yake.

CD bado zinanunuliwa huku, hasa kwenye matamasha, wazee wanapotaka kitu cha kushika. Nimeweka kijitabu chenye maneno yote kwa Kiswahili na maelezo mafupi ya Kiingereza kwa kila wimbo. Nakala nyingine nimezituma Kericho, na mtangazaji mmoja wa redio ya huko ameshaniandikia akitaka wimbo wa chai. Anauliza kama ninaweza kuuimba kwa Kikipsigis pia. Nimeanza kuhesabu silabi.