Tundu la Mlangoni

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii Kutoka 22:18 imenielemea: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Tunaikariri kwa moto, tukifika Kumbukumbu la Torati 19, panapodaiwa mashahidi wawili au watatu na waamuzi wanaochunguza sana, tunapita haraka.

Angalieni mashariki mwa Uingereza, kwenye vinamasi vya Fens. Kabla Mholanzi Cornelius Vermuyden hajaanza kuvikausha kwa mifereji miaka ya 1630, watu waliishi kwa mikunga, bata mwitu na matete, na homa haikuwaacha. Ilikuwa malaria ya mbu wa palepale, hawakujua. Kijijini Warboys, ukingoni mwa vinamasi, watoto wa tajiri walishikwa na degedege mwaka 1589, wakamtaja jirani yao mzee, Alice Samuel. Mwaka 1593 akanyongwa, yeye, mumewe na binti yao.

Mwaka 1645 akazuka Matthew Hopkins, mtafuta wachawi wa kulipwa. Mji wa Stowmarket ulimpa pauni 23. Mchungaji John Gaule wa Great Staughton akampinga mimbarani, na mwaka 1646 akaeleza kazi yenyewe ilivyofanyika. Mama anayeshukiwa anakalishwa juu ya kigoda katikati ya chumba, miguu imepishanishwa. Akikataa, anafungwa kamba. Saa 24 hapewi chakula wala usingizi. Mlango unatobolewa tundu dogo ili pepo anayemtumikia apate pa kuingilia. Walinzi wanafagia kila mara, na wakiona nzi au buibui wamuue. Akiwaponyoka, basi huyo ndiye pepo wake.

Ndugu zangu, chumba chenye tundu, kandokando ya maji yaliyotuama, kitakosaje mdudu? Hukumu ilikuwa tayari kabla mama hajaketi. Naye aliyenyimwa usingizi hatimaye hukiri lolote analoulizwa.

Sasa niwaambie ukweli kwa upendo: na sisi tunatoboa tundu hilo. Tunafunga siku tatu tukiomba adui afichuliwe, halafu wa kwanza kubisha hodi tunamwita mchawi! Shangazi aliyeleta uji anaondoka na jina litakalomfuata hadi kaburini. Hilo si neno la Roho, ni ushahidi wa uongo juu ya jirani, Kutoka 20:16.

Mtoto akichemka, apimwe damu siku hiyohiyo huku mkimwombea. Mtu akitaja jina, aulizwe: uliona nini, lini, ukiwa na nani? Aliyetajwa naye asikilizwe, Mithali 18:17. Na anayetaja asomewe kwanza Kumbukumbu la Torati 19:19, kwamba shahidi wa uongo atatendwa yaleyale aliyokusudia kumtenda nduguye.