Makoro meusi juu ya lami nyeusi

Motari, yaani dereva wa pikipiki ya kubeba watu, akianguka hapa Goma, watu hutafuta sababu kubwa: mwendo, pombe, gari lililomkatia njia. Rudi pale alipoangukia, uiname utazame chini. Mara nyingi utakuta kokoto tu, ndogo kama maharage, zimetawanyika upana wa mkeka mmoja. Jiwe kubwa huonekana kwa mbali na hukwepeka. Kokoto hizi ni vipande vya makoro, yaani mawe ya volkano, nyeusi juu ya lami nyeusi, na jioni hazionekani kabisa. Tairi ikizipanda haiishiki tena barabara, inaishika kokoto, na kokoto haishikwi na kitu.

Zinatoka wapi? Mji wetu umeinamia ziwa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka upande wa volkano ya Nyiragongo kuelekea Ziwa Kivu, na kila barabara ya vumbi ya Majengo, Katoyi au Virunga inamwaga mchanga wake pale inapokutana na lami. Kwa hiyo asubuhi ya baada ya mvua, ogopa midomo ya vichochoro kuliko barabara yenyewe. Na ni palepale motari hulaza moto yake, yaani pikipiki, ghafla kumfuata kliya (abiria) aliyempungia mkono. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mji, nayo ina shida yake: matope ya mtaroni yanarundikwa ukingoni, hayazolewi, na mvua inayofuata inayarudisha barabarani.

Lami yenyewe hukuonyesha pa kupita ukiisoma vizuri. Magurudumu ya magari hufagia mistari miwili. Takataka hubaki katikati ya mistari hiyo, pamoja na mafuta yanayodondoka kwenye injini, na nyingine husukumwa ukingoni. Fuata mstari wa kushoto wa upande wako. Ukingo wa kulia, ambako motari wengi hujificha wakikimbia magari, ndiko kunakojaa misumari, vioo na waya. Kwenye mzunguko kama Signers au Chukudu, kokoto hutupwa upande wa nje, na kamyo (malori) za mchanga humwaga hapohapo zinapoinama.

Sasa hesabu kidogo. Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita hizo kabla mkono haujabana freni. Kusimama kwenyewe, kwenye lami kavu, kunahitaji mita nyingine 10 au zaidi kidogo. Kwa kilomita 60, jumla inakaribia mita 40. Kwenye kokoto au ukiwa umebeba mtu na mzigo, usiitegemee hesabu hii hata kidogo.

Kwa hiyo freni zote zifanyike kabla, ukiwa bado kwenye lami safi. Ukifika kwenye kokoto, simamisha moto wima, achia freni ya mbele, shika gesi bila kuongeza wala kukata, na macho yaende pale unapotaka kutokea. Anayetazama jiwe hulifuata jiwe. Moto nyingi tunazoendesha, TVS na Boxer, hazina chombo cha kuzuia gurudumu lisifunge. Gurudumu la mbele likifunga juu ya kokoto, usukani haukusikii tena, na kuanguka huja kabla hujajua umeteleza.

Ubao au jiwe lisilokwepeka lipande moja kwa moja, usilipande kwa mshazari. Mwambie kliya ashike. Inua makalio kidogo, magoti yakiwa yamekunjika, na ongeza gesi kidogo kabla tu gurudumu la mbele halijagusa ili liwe jepesi.

Kamyo ni somo lake. Kwenye njia ya Sake au kupanda kuelekea Kibumba, ukiona matawi yamelazwa barabarani, jua kamyo imekufa mbele. Matawi yakikauka na kamyo haipo, tafuta jiwe. Lilikuwa limewekwa nyuma ya gurudumu ili kamyo isirudi nyuma, dereva akaondoka akaliacha palepale, katikati ya njia ya wanaopanda. Kuliacha hivyo ni kosa zito, na tanboi (utingo) aliyeshuka kuliweka ndiye angeshuka kuliondoa. Vilevile usikae nyuma ya magurudumu pacha ya kamyo. Jiwe hukwama kati ya tairi mbili, ukalisikia likigonga tak-tak-tak, halafu linachomoka kwa nguvu kuelekea usoni. Kaske (helmeti) isiyo na kioo haikusaidii hapo.

Misumari ni jambo ambalo wengi hawalielewi. Mji umejaa nyumba za mbao, na mbao za zamani huvunjwa na kusafirishwa na misumari yake. Msumari ukianguka hulala. Tairi ya mbele inaukanyaga kichwani, unainuka, na tairi ya nyuma inaukuta umesimama. Ndiyo maana kwado, fundi wa kuziba tairi, hufungua gurudumu la nyuma mara nyingi kuliko la mbele. Tairi ya nyuma ikiisha upepo, mkia unayumba. Ya mbele ikiisha, usukani unakuwa mzito. Vyovyote, usibane freni kwa hofu: punguza gesi taratibu, tumia freni ya gurudumu lenye upepo, sogea kulia.

Upepo upimwe asubuhi, tairi ikiwa baridi. Fuata namba za mtengenezaji. Kwa moto ndogo nyingi ni kama psi 25 mbele, nyuma kama 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba mtu. Upepo mdogo unaacha jiwe libane mpira wa ndani dhidi ya rimu, na kwado atakuonyesha matundu mawili yanayotazamana, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona mdomo wa kutilia upepo umeinama, tairi inazunguka juu ya rimu. Upepo ni mdogo, na mpira utachanika kwenye shina la mdomo huo, mahali pasipokubali kiraka.

Kwado akimaliza kubandika, usimruhusu kurudisha mpira hivihivi. Apitishe kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, kipande cha msumari au cha koro bado kimo. Kisha kunja tairi kwa nje pale ilipochanika: ukiona nyuzi, kipande cha mpira wa zamani ndani yake kitakufikisha nyumbani leo. Kesho nunua nyingine.