Mnara wa siku mbili

Leo nimesimama ndani ya kanisa la Encarnación, Madrid, nikitafuta kitu ambacho najua hakipo tena.

Malkia María Luisa wa Orléans, mke wa Mfalme Carlos wa Pili wa Hispania, alifariki Februari 1689, akiwa na miaka 26 tu. Mwili ulizikwa El Escorial, monasteri yenye makaburi ya kifalme nje ya Madrid. Lakini humu, Machi mwaka huohuo, wakamjengea mnara mrefu wa maombolezo, na jeneza lake lilikuwa tupu. Aliyeubuni ni José Benito de Churriguera, kijana wa miaka 24 hivi, baada ya kuwashinda wengine kwenye mashindano ya michoro.

Mimi ni seremala, ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni. Minara ya aina hii ilikuwa mbao, vitambaa na plasta, ikipakwa rangi hadi ukadhani ni marumaru au shaba. Nguzo, mafuvu, mataji, na mishumaa isiyohesabika juu ya mbao kavu! Nawawaza mafundi waliokesha wakipigilia misumari, huku wakijua kwamba ibada ya siku mbili ikiisha watarudi kubomoa kila kitu.

Tunauona leo kwa sababu mtu aliuchonga kwenye bamba la shaba na kuuchapisha. Nimeuangalia mchoro huo kwenye simu, kisha nikainua macho kwenye nafasi ile tupu. Hata ndani ya kanisa lenyewe palishatengenezwa upya karne ya 18. Machozi yalinilengalenga. Nimewasha mshumaa mmoja kwa ajili ya mafundi wale, ambao majina yao sikuyakuta popote.