Michezo ya "kwetu" darasa la tatu: mradi ulipofikia

Mabao ya trei za mayai yamekamilika jamani! Bao linataka mashimo 32, mistari minne ya nane nane, sasa trei moja ina mashimo 30 yaliyopangwa tano kwa sita, kwa hiyo nakata mstari mmoja inabaki minne ya sita sita, halafu naunga kipande cha trei nyingine kwa gundi. Kete ni kokoto 64. Tumeanza na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, lile la kunamua, yaani kuingiza kete moja moja toka mkononi, kwa watoto wa umri huu bado zito.

Kwa wasiojua, nafundisha Dodoma, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 madarasa yamejaa watoto wa watumishi waliotoka kila kona ya nchi, wanakaa dawati moja na watoto ambao Ugogoni ndo kwao hasa, ila mapumziko kila kundi linacheza kivyake na hilo lilikuwa linaniuma sana. Bao nimelichagua kwa sababu watoto wengi kwao kuna mzee anayelicheza. Kazi ya nyumbani ilikuwa moja tu, kamuulize babu au bibi au hata jirani mzee anachezaje, uje utufundishe. Basi mwenye babu Mwanza karudi na isolo, bao la Wasukuma, mwingine na sheria za baba yake mdogo, wanabishana mpaka darasa la pili wanachungulia dirishani, na mimi nawaacha maana mwisho wanakubaliana wenyewe, raundi hii tunacheza ya kwa kina fulani, inayofuata ya kwenu.

Kitu kimoja nilikikataa toka mwanzo, kumuuliza mtoto "kabila lako nani". Nina watoto baba Mhaya mama Mrangi wamezaliwa Temeke, ukiwauliza hivyo unawalazimisha wachague upande. Nauliza kwenu mnafanyaje, na kila mtoto ana kwao.

Mchezo wa pili ni kadi za manila za kuoanisha chakula na kinachotokana nacho, mfano michembe na viazi vitamu, mtori na ndizi. Ukipata jozi hupati pointi mpaka ueleze kinavyoandaliwa, na kama hujui umtafute darasani anayejua. Hiyo sheria ya mwisho ndo naipenda kuliko zote. Kuna binti mkimya sana ambaye ilipotoka kadi ya mlenda wa kukausha kila mtu alimkimbilia yeye, akaeleza kuanzia kuchuma mpaka kuhifadhi, na siku hizi anaitwa kucheza.

Salamu tunarushiana mpira, ukiudaka unasalimia ya kwenu wote tunaitikia: mbukwa, kamwene, mwangaluka. Mtoto mmoja ametokea Chemba, bibi yake anaongea Kisandawe chenye zile sauti za kupiga kidoko kwa ulimi, sasa yeye ndo mwalimu, darasa zima linajaribu na anasahihisha mmoja mmoja kwa uvumilivu mkubwa.

Kinachofuata ni mdako na rede uwanjani. Kadi za chakula bado hazijafika kusini, magharibi wala visiwani, walioko Mtwara, Kigoma na Pemba niandikieni kwenu mnakausha nini na mnakihifadhije, nichore wikiendi hii.